Magamba Chini ya Mti wa Argelio

Argelio Legrá hakumwamini mgeni aliyekuwa akimpandisha mlimani tangu walipovuka mto. Mtu gani huyu, anatoka Montevideo mpaka milima ya Baracoa kumtafuta mwewe, halafu anatazama chini njia nzima? Darubini yenyewe inaning'inia kifuani kama pambo.

"Mwewe anaruka, bwana," Argelio alimrushia. "Hatambai."

Mgeni, Aníbal, akatabasamu tu. Hilo tabasamu nalo Argelio hakulipenda hata kidogo.

Ana haki ya kushuku, jamani. Mwewe yule wa mdomo wa ndoano hakuna mwingine mjini aliyedai kumwona, na Baracoa nzima ilimcheka. "Argelio, mwewe wako hajambo? Msalimie!" Ushahidi wake ulikuwa mmoja: magamba ya konokono wa rangi, wa manjano wenye mistari, yaliyorundikana chini ya mti mmoja mlimani. Ndege yule chakula chake ni hao hao. Magamba mapya yakionekana, basi yu hai. Na leo mgeni huyu, mtaalamu wa ndege, angeyaona mwenyewe, wenye midomo wakafyata ndimi. Ila konokono hao wana wezi wao pia, wanaowauza kwa magendo, na wezi siku hizi wanavaa darubini.

Walipofika, magamba yalikuwepo, tena mengi. Argelio alifurahi kama mtoto. Akauzunguka mti akitazama matawini, na alipogeuka akamkuta Aníbal anajaza mfuko wa suruali.

"Ahaa! Nilijua! Toa!"

"Mzee Argelio, tushuke tu, tafadhali."

"Toa, la sivyo huku hushuki!"

Aníbal akafungua kiganja. Uso umemshuka, hata kumtazama mwenzake hawezi. "Sikutaka uyaone. Mwewe yule akimng'oa konokono, gamba huvunjika. Haya hayakuvunjika."

Kila gamba lilikuwa na kitundu kimoja cha duara, safi kabisa. Siku zote Argelio aliyatazama kwa mbali tu, asije akamtisha ndege. Argelio hakuhitaji kuambiwa zaidi. Ni keekee hiyo. Mkewe Nereida alitoboa magamba hivyo hivyo miaka nenda rudi, kabla biashara ya mikufu ya magamba haijapigwa marufuku, na gunia la yaliyobaki lilikuwa uvunguni mwa kitanda chao. Watu wote wa mji ule alikwisha kuwashuku, yeye tu ndiye hakumshuku.

Jioni alimkuta jikoni anakaanga ndizi mbichi.

"Mgeni kaona?" Nereida akauliza.

"Kaona. Ulikuwa unapanda mlimani lini?"

Mkono wa mwanamke ukasimama juu ya kikaango. "Ukienda kucheza dhumna."

"Na goti lako hilo?"

"Na goti langu hili hili."

"Kwa nini, Nereida? Umenifanya kichekesho mbele ya mtu!"

"Mwaka ule magamba yalipokwisha, ulishuka mlimani ukasema hakuna kitu tena. Ukalala umegeukia ukutani. Nikipika, huli. Nikikusemesha, kimya. Ulitaka nifanyeje, Argelio? Nikuzike?"

"Kwa hiyo mwewe hayupo."

"Mimi nijuaje, baba? Mimi nilikuwa naweka magamba."

Argelio alikasirika, tena sana. Nereida akamwekea ndizi mezani, akaketi mbele yake, akamkazia macho. Argelio akavuta sahani, akaanza kula.