Sufuria ya Wageni

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimeonja kazi nyingi bila kudumu katika hata moja. Iliyonifurahisha kuliko zote ni kumbebea mtafiti mikoba yake huko Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma. Alikuwa dada mcheshi aliyetafuta madini ya risasi katika sufuria zinazosubiwa mtaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Risasi, alinieleza, huingia katika chakula kidogo kidogo, na baada ya miaka inaweza kudhuru figo na kupandisha presha. Nilimwuliza maswali mpaka akaniomba ninyamaze kwanza avuke barabara.

Neno presha lilinikumbusha mama mmoja Mkenya aliyeuza maharage karibu na karakana ya sufuria hizo. Nilikula kwake karibu kila mchana. Alimeza vidonge vyake vizuri, lakini presha ilikataa kushuka, na hofu ilikuwa imeanza kumnyima usingizi. Nilimweleza mtafiti habari zake, naye akaagiza alete sufuria anayopikia.

Kesho yake alitufuata na sufuria inayong'aa kama kioo. Mtafiti aliielekezea mashine yake yenye umbo la bastola, akasoma, akatabasamu.

"Hakuna risasi hapa, mama."

Mama alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimekodoa macho.

"Mama, hii si ya maharage."

"Nyamaza wewe!"

"Ya maharage ni nyeusi, tena mdomo umepinda."

"Hii ni ya wageni, nilinunua dukani Ntinda." Alimgeukia mtafiti. "Sasa musawo, daktari wangu, nikuletee ile yenye masizi? Nipite nayo mbele za watu?"

Mtafiti alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yake mzazi, alisema, angefanya vivyo hivyo.

Tukaenda kuipima ile nyeusi kibandani. Maharage yalikuwa yamekwisha pakuliwa. Safari hii mtafiti hakutabasamu: risasi ilikuwamo, tena nyingi. Fundi aliyeisubu alikuwa pale pale anakula, kijiko kikasimama hewani.

"Kumbe miaka yote hii umenilisha rejeta za magari!" mama akamwambia.

"Na wewe ukanirudishia kwenye sahani," fundi akajibu. "Tumelipizana."

Kibanda kizima kiliangua kicheko, hata mama.

"Siwezi kusema presha yako imetoka hapa," mtafiti alimwambia. "Usiache vidonge, na uende kliniki wakupime damu. Lakini hii usiipikie tena."

Fundi akasogeza kiti, akaanza kumwuliza ni vyuma gani aache kuyeyusha. Mama alimwaga maharage yote, hata ya kwenye sahani, akawasha moto upya na kuteleka sufuria ya wageni.

"Na wageni wakija?" nikamchokoza.

"Watakula maharage, kama wewe."

Siku hizi ile nyeusi imepinduliwa kando ya meko, na wateja hugombania kuikalia. Presha bado inamsumbua mama, ila si kama zamani, na analala. Juzi nilipopita, sufuria ya wageni ilikuwa na masizi hadi shingoni.