Kipande cha Ukubwa wa Kifungo

Jirani yangu hapa mtaani Berea ni fundi cherehani. Kila asubuhi huweka kifungo cha shati juu ya chokoleti yake yenye uyoga wa kulevya, akakata kwa wembe kipande cha ukubwa huohuo, basi kutwa anashona huku anaimba. Anasema kinampunguzia huzuni. “Ila siku niliyokula viwili, eish, gauni la watu nililishona mikono mitatu, halafu nikaiogopa cherehani mpaka jioni.”

Jana, kwa uchovu wa kutolala, nilimwomba kidogo. Akamtazama mwanangu Mayasa anavyonyonya, akafunga kopo la chokoleti. “Unanyonyesha, mdogo wangu, hiki hakikufai. Nipe huyo, ukalale.”

Nilipoamka niliwasikia ng’ambo ya ukuta, yeye anaimba, Mayasa anacheka.