Uzi wa Maji wa Verla

Baridi ya kwetu Dakota, kaskazini mwa Marekani, haina adabu. Inaingia bila hodi, na ikishaingia haina habari ya kutoka mpaka Aprili. Wenye akili hukokota trela zao, nyumba zetu za magurudumu, kwenda kusini mara tu bata bukini wanapopita. Sisi tunaobaki tunazizungushia trela marobota ya nyasi kavu, tunaviringisha waya wa umeme wa kupasha joto kwenye mpira wa kuingizia maji, halafu tunakaa ndani kusikiliza mabomba kama mtu anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

Verla Tofte hakuwa wa kubaki. Miaka yote yeye na mumewe Norbert walikuwa watu wa kusini. Lakini Norbert alifariki Novemba, ardhi imeshakuwa jiwe, na kwetu anayekufa wakati huo jeneza lake hukaa kwenye kijumba cha makaburini mpaka udongo ulegee. Verla akasema haendi popote mumewe akiwa hajazikwa. Binti yake Janelle, anayeishi mjini, alitaka amchukue akae kwake. Walibishana kwenye simu mpaka mimi jirani nikachoka kwa niaba yao. Mwisho wakakubaliana: maji yakikatika ndani ya trela, hata mara moja, Verla atafunga mizigo.

"Hayatakatika," aliniambia. "Nayaacha yanatiririka tu. Norbert alikuwa anafanya hivyo hivyo baridi ikituwahi kabla hatujaondoka."

Basi bomba la jikoni likawa linatoa maji membamba, uzi tu, mchana kutwa na usiku kucha. Ukiingia kunywa kahawa unausikia ukinong'ona kwenye sinki. Dirisha limejaa maua ya barafu, mwanga unapita mweupe kama maziwa, na huwezi kujua kama ni asubuhi au alasiri. Verla alikuwa anakatisha maneno katikati, anatega sikio, anatabasamu. Alisema ukiyasikiliza sana yale maji utadhani kuna mtu anaosha vyombo polepole ili asikuamshe. Sikumcheka, maana hata mimi nilimsikia.

Kumbe kuyaleta maji ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuyatoa. Anayejua huifunga koki ya maji machafu, tangi lake likajaa, kisha akafungua yakatoka yote kwa kishindo. Verla aliiacha wazi. Ule uzi ukawa unajitambalia ndani ya mpira wa nje wa kutolea maji machafu, unaganda tabaka juu ya tabaka, mpaka mpira mzima ukawa gogo la barafu. Jumamosi sinki likaanza kujaa. Akaogopa mafuriko, akafunga bomba. Na kwa baridi ile, maji yakisimama kwenye mpira wa kuingizia usio na waya yamekwisha kuganda. Asubuhi alifungua bomba, hakuna hata tone.

Alinijia amevaa koti la Norbert, mikono imezama ndani ya mikono ya koti.

"Yamekatika," alisema. "Na Janelle anakuja baada ya kanisa."

"Tulia, wewe. Si una tangi la maji safi humo ndani? Nakujazia ndoo kadhaa, pampu inasukuma, bomba linatoa maji. Atajuaje?"

"Huo si uongo?"

"Ni maji, Verla! Alisema maji, hakusema ya wapi."

Janelle alifika mashavu mekundu, akambusu mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye bomba hata glavu hajavua. Maji yakatoka. Nikaona mabega yake yanashuka, nami nikashusha pumzi.

"Hayo ni ya ndoo ya huyu mzee," Verla akasema. "Yangu yameganda."

Mwanamke huyu! Nilitamani kumziba mdomo.

Janelle akafunga bomba. "Kwa hiyo, Mama?"

"Kwa hiyo nini? Si nilikupa neno langu?"

Akashusha sanduku kutoka kabatini. Hakuweka nguo yake hata moja. Aliweka buti za Norbert, kofia yake, miwani yake, kimoja kimoja, anakifuta kwanza kwa kiganja.

"Mama, hivyo vya nini?"

"Siviachi hapa vigande," Verla alisema. "Anatosha yeye."

Janelle akageuka, akatoka nje. Mimi nikajua amekwenda kuwasha gari, nikamkasirikia kimoyomoyo. Mara sakafu ikagongwa kutoka chini. Tukatoka mbio. Alikuwa ameng'oa robota moja la nyasi na kulala chali chini ya trela, na koti lake la kanisani, viatu tu vinaonekana kwenye theluji.

"Mama! Baba akiyeyusha barafu alikuwa anaanzia wapi?"

Verla alipiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho. "Sijui, mwanangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi."

"Basi njoo ushike tochi."