Mkalimani wa kompyuta na viti vitatu vitupu

Jumatano, tarehe 11 Juni. Manyunyu yameanza kabla ya kucha na bado hayajakatika. Watu wanaingia ofisini wakikung'uta miavuli mlangoni.

Katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja inayosambaza dawa, mwanamke wa miaka arobaini na saba anavua viatu vilivyolowa, anaviegemeza ukutani, kisha anainamisha kichwa. Midomo inacheza kidogo. Akishasema "amina" ndipo anapowasha skrini.

Wenzake wanamwita Mkalimani. Anatunza adapta, yaani programu inayokaa kati ya mifumo miwili ya kompyuta isiyoelewana.

"Mfumo wa mauzo una lugha yake, na wa ghala una yake," anaeleza. "Oda ikiingia, hiyo tunaiita ujumbe. Adapta inaupokea, inaugeuza, inaupeleka ng'ambo. Usipoeleweka, inauweka kwenye foleni ya jumbe zilizokwama, nije niutazame."

Adapta inajuaje kugeuza?

"Kwa ramani. Ramani inasema hiki cha huku ndicho kile cha kule. Ukiikosea, zahanati inaomba glavu, inaletewa sindano." Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Ramani hiyo ndiyo inayomkosesha raha.

Nyuma yake pana meza ndefu yenye viti vitatu visivyokaliwa na mtu.

Miaka sita iliyopita hapakuwa na adapta. Walikuwapo wachapaji wanne, wakisoma oda kwenye skrini hii na kuichapa upya kwenye ile. Yeye alikuwa wa nne. Aliyemwombea kazi ni mmoja wa wale watatu, wifi yake, dada wa mumewe, wakati ambapo alikuwa nyumbani hana mbele wala nyuma.

Akitoka kazini alikwenda kwenye masomo ya jioni ya kompyuta. "Siku ya kwanza darasa zima lilisimama kunisalimia," anasema. "Walidhani mimi ndiye mwalimu."

Bosi alipojua anachosoma, alimwagiza ajaribu kutengeneza adapta. Programu aliiweza. Ramani hakuwa nayo, kwa kuwa ilikuwa kichwani mwa wifi. Wifi alijua zahanati ipi bado inaandika namba za dawa za zamani, na duka lipi linahesabu kwa katoni ilhali ghala linahesabu kwa pakiti.

Basi kila mapumziko ya mchana alivuta kiti karibu na wifi yake akamuuliza. Wifi alijibu huku akitafuna, bila kuficha kitu.

"Nilimwambia ni kazi ya darasani. Lakini bosi alikuwa amekwisha kunidokeza kwamba adapta ikifanya kazi, watu watapunguzwa. Hilo nililimeza."

Adapta ilifanya kazi. Wachapaji watatu waliagwa kwa keki na soda. Mshahara wa Mkalimani uliongezeka mara mbili. Wifi sasa anashona nguo nyumbani, na anachopata hakifiki theluthi ya alichokuwa akilipwa. Binti yake amesimamisha masomo ya chuo.

"Nilimwomba Mungu nifaulu," anasema Mkalimani, akiangalia mikono yake. "Sikumuuliza nani atagharamia kufaulu kwangu."

Hawakuwahi kugombana. Wakikutana kwenye shughuli za familia, wifi humsalimia, humuulizia watoto, halafu huhamia upande mwingine wa chumba. Mkalimani anasema afadhali angetukanwa.

Mwezi uliopita kampuni iliamua kuweka adapta ya pili, kati ya ghala na uhasibu. Uhasibuni wapo makarani wawili. Mkalimani alipoambiwa akakae nao, alikwenda kwanza kwa bosi. Alisema hatawauliza neno kabla hawajaambiwa ukweli, tena wafundishwe kazi ya adapta. Aliomba pia wifi yake arudishwe kusimamia foleni ya jumbe zilizokwama, kwa kuwa yeye Mkalimani imemshinda peke yake. Bosi alikubali kwa miezi mitatu ya majaribio.

Saa nne wifi anaingia, mtandio umelowa. Bosi na makarani wawili wamekwisha kufika.

"Karibu, wifi."

"Nimekaribia." Anakitazama kiti chake cha zamani, hakikalii. "Leo unaniuliza nini tena? Kichwani umenibakishia namba ya simu tu."

Karani mmoja anacheka. Akiona yuko peke yake, anajifanya kukohoa.

"Leo wewe ndiye utakayeuliza. Nitakufundisha adapta."

"Nifundishwe niliyokufundisha."

"Ndiyo, wifi."

"Na miezi mitatu ikiisha?"

"Tutaangalia, mama," anasema bosi.

"Kuangalia hata mimi naweza."

Mkalimani anafungua kinywa kuomba radhi. Wifi anamkatiza, kwa sauti ya chini. "Ile kazi ya darasani, nilijua siku ya tatu kuwa ni ya bosi. Hata ungeniambia, ningekujibu tu. Nilikuwa nangoja uniambie."

Mkalimani anasimama. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Mbele ya bosi, mbele ya hawa wawili, na Mungu ananisikia," anasema. "Sitakaa tena kando ya mtu nikachota anachokijua bila kumwambia kinakwenda wapi. Na miezi mitatu ikiisha, wakisema nafasi ni ya mtu mmoja, basi ni yako, wifi. Mimi nitatoka."