Sketi Yangu na Vanishi ya Soya

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa fundi wa kupaka vanishi Kitengela, na nilijiona najua kila kitu. Bosi alipotufundisha vanishi mpya ya mafuta ya soya, ile haikauki mpaka imulikwe na taa ya zambarau, mimi nilikuwa nje nanunua mandazi. Nilichojua tu ni kwamba hiyo inataka taa, na hainipi kikohozi kama ile ya zamani.

Siku Mzee Koinet wa kanisa anakuja kuamua kama atatupa kazi ya benchi zake, nikakalia benchi yenye vanishi mbichi. Sketi ikalowa nyuma yote.

"Naserian, usitoke nje hivyo!" bosi akaniambia.

"Wasiwasi ya nini? Taa si iko huku ndani?"

Nikaenda kumngojea mzee getini, jua la saa sita likinichoma mgongo. Nilisikia nyuma kunakaza, nikadhani ni uoga.

"Takwenya," mzee akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu. Kwetu msichana anainamisha kichwa mzee akiguse, kwa hivyo nikainama. Sketi ikalia kwaa! kama mabati, ikabaki imetokeza nyuma kama meza.

Bosi, aliyekuwa amenifuata, akashika kichwa. "Hata jua linakausha! Si niliwafundisha?"

Mzee akazunguka polepole, akaigonga sketi kwa ncha ya fimbo, mara mbili.

"Ndiyo vanishi yenyewe hii?"

"Ndiyo, baba," nikasema nikiangalia viatu vyake.

"Mimi nimeridhika," mzee akamwambia bosi. "Lakini asibadilishe sketi kwanza. Kamati ya kanisa inakuja saa nane, nayo ione."