Ukili Nilioukana

Mwaka ule chuo kilinipa likizo ya miezi kumi na miwili ili niandike kitabu, na sikuandika hata sura moja. Asubuhi nilikuwa Mikindani nikisuka mikeka. Jioni nilikuwa Rahaleo nikipigwa ngumi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, baba wa watoto watatu, mhadhiri ambaye wanafunzi humwamkia akiwa bado yuko mbali.

Ngumi zilianza kwa sababu ya daktari. Aliniambia presha imepanda, nitafute mazoezi. Kukimbia barabarani niliona haya. Mtu mzima akikimbia Mtwara ataulizwa kuna nini huko alikotoka. Jirani akanielekeza kwenye ua mmoja nyuma ya gereji, ambako mlinzi mmoja wa bandarini, bondia wa zamani, alikuwa akifundisha watu chini ya paa la mabati. Begi la kupigia lilikuwa magunia mawili ya korosho yaliyoshonwa pamoja na kushindiliwa mchanga na matambara. Wiki ya kwanza nilitapika. Wiki ya tatu nikaanza kuisubiri saa kumi na moja kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Mikeka ilianza kwingine kabisa. Nimezaliwa Iringa, na mama yangu alikuwa msukaji wa vikapu vya milulu, nyasi ndefu za mabondeni. Nilipokuwa mdogo nilikaa naye nikasuka, hadi wenzangu wa shule walipojua. Walinicheka muhula mzima. Nikaacha, na mama hakupata kujua sababu. Sasa, mwanzoni mwa likizo, nilikwenda Mikindani kununua mkeka wa sebuleni nikamkuta mama mmoja mjane, wa miaka sitini na kitu, amekaa barazani kwake anasuka ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha vipande vyake hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Nilisimama nikivitazama vidole vyake hadi akainua macho.

"Baba, unataka kununua au unataka kujua?"

"Kujua," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalipima.

"Basi vua viatu, kaa."

Nilikaa miezi minne. Alinifundisha kuchana ukindu kwa ukucha bila kujikata, kuuchemsha na rangi, kuulainisha, kuupanga vidoleni. Nikikosea hakugomba, alifumua mpaka pale kosa lilipoanzia, akanirudishia. Wanawake wenzake wa barazani walicheka siku za mwanzo, mwanamume mzima na suruali yake anasuka, kisha kicheko kikawaishia, wakawa wananipa simu zao niwasomee meseji. Siku moja tulikwenda naye Kitaya kuchukua ukindu kwa jamaa zake wanaokaa karibu na mto. Tulikula samaki wa Ruvuma kwa ugali wa muhogo, na jamaa zake walipouliza mimi ni nani, alisema, "Huyu mwanangu. Nimempata ukubwani." Tangu siku hiyo hakuniita baba tena. Nilikuwa mwanangu.

Rahaleo hawakujua lolote. Wenzangu pale walikuwa makuli, madereva wa bodaboda, fundi makenika mmoja. Niliwaambia kwamba asubuhi naandika. Kocha alipoona mikwaruzo vidoleni mwangu akiwa ananifunga bandeji, nilisema ni bustani.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Niliondoka Mikindani mbio kwa sababu kocha alikuwa ameahidi kwamba kwa mara ya kwanza nitapigana raundi tatu na mtu, si na gunia. Mtu mwenyewe alikuwa dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mke na watoto, mpole, hodari kuliko sisi wote. Katika haraka zile nilisahau simu barazani.

Nilikuwa tayari nimevaa glovu nilipomwona yule mama anaingia uani. Alikuwa amejitanda khanga, jasho linamtoka, mkono mmoja ameshika simu yangu, mwingine ameshika ukili nilioacha, ameuviringisha vizuri kama bandeji. Waliokuwa wanaruka kamba waliacha. Pale hapakuwa na desturi ya mwanamke wa makamo kuingia.

"Mwanangu," akasema, "simu imelia sana. Mkeo anasema mdogo ana homa, nikamwomba anielekeze huku, nikaona nisingoje kesho. Na ukili wako huu, nimefumua pale ulipokosea. Utaumalizia nyumbani."

Yule dereva wa bodaboda akacheka. Hakuwa na ubaya. Alicheka kwa mshangao.

"Mzee! Kumbe unasuka mikeka?"

Wengine wakacheka naye. Damu ilinipanda kichwani, na nakumbuka wazi kwamba sikumfikiria mtoto wangu mwenye homa, wala yule mama aliyepanda pikipiki kutoka Mikindani kwa ajili yangu. Nilifikiria tu vicheko vile.

"Mimi? Nisuke mikeka?" nikasema. "Huyu ni mama mmoja ananiuzia mikeka. Huo ni wa mke wangu, yeye ndiye anajifunza."

Yule mama alinitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wale vijana na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndiyo, ni wa mkewe. Mimi muuza mikeka tu."

Aliweka simu na ukili juu ya benchi, akaaga, akatoka. Sikumsindikiza hata hadi barabarani. Nilimpigia mke wangu, akasema mtoto ameshapewa dawa na amelala, basi nikavaa tena glovu nikaingia ulingoni, yaani ile sehemu iliyozungushiwa kamba ya katani.

Yule dereva alikuwa ananilea. Alirusha ngumi nyepesi, akinionyesha pa kujikinga, huku bado ana tabasamu. Tabasamu lile nililiona kama kejeli. Raundi ya pili, kocha akasema, "Basi! Simama!" na mwenzangu akateremsha mikono. Mimi nikampiga. Nilimpiga jichoni kwa nguvu zangu zote, mikono yake ikiwa chini.

Hakunirudishia. Alikaa kwenye udongo ameziba jicho. Kocha alikuja akanivua glovu mwenyewe, taratibu, kama anamvua mtoto viatu.

"Nenda nyumbani, mzee," akasema. "Hapa tunapigana. Hatumalizii watu hasira."

Nikaenda nyumbani. Jioni ile, tukiwa tumekaa na mtoto ambaye homa ilikuwa imeshuka, mke wangu alisema, "Mwalimu wako ana adabu ya watu wa zamani. Nilivyomwambia mtoto anaumwa alisema, 'Usiwe na wasiwasi mama, mwanangu amesahau simu, nampelekea mwenyewe.' Ulimpa hata maji?"

Nilisema nilimpa.

Wiki mbili sikwenda Mikindani wala Rahaleo. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijifanya naandika. Mwishowe nilinunua sukari kilo mbili na doti ya khanga, nikaenda. Barazani walikuwapo wanawake wale wale wanne. Nilisema shikamoo. Mama aliitika marahaba, na hakusema mwanangu. Akainuka, akatandaza mikeka mitatu mbele yangu.

"Karibu, mteja. Unatafuta wa chumbani au wa kuswalia?"

Wenzake waliinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nilikuja nimejiandaa kuomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Hata hivyo, mbele ya macho yale ulimi ulikataa. Nikaonyesha mkeka wa katikati. Nikaulipia. Ndiyo, nilinunua mkeka kwa mwalimu wangu, nikaubeba begani, nikaondoka na sukari yangu na khanga zangu mkononi kwa sababu sikujua nampaje muuza mikeka zawadi.

Mke wangu aliponiona naingia na mkeka, alishangaa. "Wewe si unasuka? Mkeka wa kununua wa nini?" Hapo ndipo nilipomweleza yote, nikiwa nimesimama mlangoni na mzigo begani. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atanigombeza au atanifariji. Alisema tu, "Rudi kesho. Na safari hii usibebe kitu."

Nilirudi. Nilivua viatu nje ya baraza, sikukaa, nikasema mbele ya wote, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikukana mbele ya watu. Niliona haya kujulikana nasuka, nikakufanya wewe ndiye wa kuonewa haya."

Alisuka mpaka ukindu uliokuwa vidoleni ukaisha. Kisha akaweka ukili pajani.

"Kunikana si kitu," akasema. "Wanaume wanaona haya kwa mambo madogo, nimeishi nao. Mimi siku ile nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani nilizokula nilipougua. Nimetoka hapa na kiu yangu, juani, na saumu yangu kinywani, nimefika pale, nikasema uongo. Nimesema uongo nimefunga, ili wewe usichekwe."

Mimi ni Mkristo, nimekaa pwani miaka kumi na tisa, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja kwa nini asubuhi ile hakugusa chai tuliyoletewa, wala kwa nini midomo yake ilikuwa mikavu pale uani. Nilidhani kosa langu nalijua ukubwa wake. Sikulijua hata nusu.

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi si kadhi. Mungu wangu nitazungumza naye mwenyewe. Wewe nenda kaseme kweli pale uliposema uongo. Ukitoka huko, ukindu upo, uchane."

Jioni ile nilikwenda Rahaleo. Niliwasimamisha wakiwa wanaruka kamba, nikawaambia kwamba nasuka mikeka, kwamba yule mama ni mwalimu wangu, kwamba niliwadanganya. Niliogopa kuliko siku niliyotetea shahada yangu. Wakatazamana.

"Hilo tu, mzee?" fundi makenika akasema. "Mjomba wangu kule Kilambo anasuka majamvi mwaka wa ishirini huu."

Wakarudi kwenye kamba zao. Nilisimama pale nikiwa nimepungukiwa, kama mtu aliyekuja na mwavuli na mvua haikunyesha. Kocha akanisogelea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na huyu je?" Akaelekeza kidevu kwa yule dereva wa bodaboda, aliyekuwa pembeni anafunga kamba za viatu. Jicho lake lilikuwa limepona, ila chini yake palibaki kovu jipya. "Siku tano hakushika pikipiki. Alikuwa haoni upande mmoja."

Nilikuwa nimemsahau. Naliandika hili kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi ya yote: niliikariri radhi yangu kwa majuma mawili, nikamweleza mke wangu yote, nikajiona nimenyenyekea, na katika yote hayo yule niliyempiga mikono yake ikiwa chini hakunipitia akilini. Nilikuwa nashughulika na jina langu tu.

Nilimwendea. Nilipoanza kusema alinikatiza, akanipa mkono. "Yameisha, mzee. Ila ukiambiwa simama, simama." Aliporudi mazoezini alisimama mbali nami, na kocha hakutupanga pamoja tena hadi likizo yangu ilipoisha. Sikuwalaumu.

Mikindani nilipokewa. Nilichana ukindu majuma kadhaa bila kuruhusiwa kusuka, kisha nikapewa ukili, na kabla ya likizo kuisha nilishona mkeka mmoja wa chumbani, umepinda kidogo upande wa miguuni. Zile khanga nilizoondoka nazo siku ile nilimpelekea tena, na yule mama akazitazama kwanza, akazikunjua, akasoma maandishi yake, akasema yanafaa.

Chuoni walinitaka ripoti. Niliandika kwamba nilifanya utafiti wa awali juu ya ufundi wa wanawake wa pwani. Si uongo, na si kweli. Ngumi sikuzitaja kabisa. Ripoti ile ipo kwenye faili hadi leo, na kila nikipita masijala natamani niiombe niiandike upya, kisha napita.

Jumamosi bado nakwenda kusuka. Juzi nilikuwa barazani na ukili mkononi wakapita wanafunzi wangu watatu, wakasimama kuniamkia. Mikono yangu ilishuka yenyewe, ikauficha ukili chini ya mkeka kabla sijajua inafanya nini. Mama aliona. Niliutoa, nikauweka magotini, nikawaitikia marahaba, huku masikio yananiwaka moto.