Mfalme Aliyekwisha Kutembea

Safu ya sataranji ilitakiwa kwa mhariri saa sita kamili. Saa tano mwandishi wake alikuwa bado ameganda mbele ya karatasi moja iliyopauka. Bwana huyu, mtunza historia ya mchezo, kwa miaka thelathini amewaumbua wenzake gazetini kwa tarehe iliyokosewa tu. Leo jasho lilimtoka yeye.

Karatasi ilitoka kwa mjane wa mtu aliyeshindwa na baba mkwe wa mwandishi katika fainali ya zamani, mchezo ambao wanafunzi huukariri. Marehemu aliandika kila hatua. Hatua ya kumi na moja, mfalme wa baba mkwe ametoka. Ya kumi na mbili, amerudi. Ya kumi na tisa, amejificha nyuma ya ngome, yeye na ngome wakihama kwa hatua moja. Na mfalme aliyekwisha kutembea haruhusiwi kujificha hivyo, hata mtoto anajua. Siku ile hakuna aliyeliona kosa hilo, hata mwamuzi.

Na katika kitabu cha mwandishi, wanachokariria wanafunzi, hatua ya kumi na moja na ya kumi na mbili hazimo. Alizifuta yeye mwenyewe, enzi za kiherehere cha ujana, akinakili mchezo kutoka karatasi ya baba mkwe: aliona mfalme anatoka na kurudi bure, akadhani mzee kapitiwa akiandika.

"Usithubutu kuliandika," mkewe alisema mlangoni. "Baba hana kingine cha kujivunia."

"Nikinyamaza nitakuwa nani?"

"Mkwe wake."

Sauti ya mzee ikaita sebuleni. "Mwanangu! Leo ndiyo siku ya fainali yangu. Njoo unisomee."

Kila mwaka alimsomea mchezo ule, na mzee, ambaye macho yalishamzima, alisogeza kete kwa kupapasa. Walianza. Kwenye hatua ya kumi na moja msomaji alikiweka kitabu kando, akashika karatasi ya marehemu.

"Mfalme anatoka."

Mkono wa mzee ulisogeza bila kusita.

"Mfalme anarudi."

Mkewe alijiziba mdomo. Walifika ya kumi na tisa.

"Mfalme anajificha nyuma ya ngome."

Mkono ukasimama hewani. Mzee alimgusa mfalme, midomo ikihesabu. Kisha akamlaza ubaoni taratibu, akanyoosha mkono mbele, kwenye kiti kitupu, kama mchezaji anayekubali kushindwa.

"Muda wa kuandika unao?"

"Nusu saa, baba."

"Andika. Na kosa lako la kuzifuta hatua zile usiliruke, nakujua." Akamgeukia binti yake. "Mama, lishushe lile kombe kabatini. Lina mwenyewe, na mjane wake yu hai."